Vigae Ndani ya Sanduku la Majina

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, maana ramani zake zilikusanywa zote siku kiongozi wake, Mlezi Mkuu, alipoona mito imechorwa ikiwa imepinda. Inaitwa Tumetimia. Watu wake wanaishi vizuri sana, na kuishi vizuri ni sheria namba nne.

Sheria namba tano inakataza majanga, na tangu ipitishwe halijatokea hata moja. Soko likiungua, redio inasema soko limepata mwanga wa ziada. Mto ukiingia majumbani, wananchi wametembelewa na maji. Ipo hata Wizara ya Majanga Yasiyotokea, na waziri wake, Mheshimiwa Daktari Lukindo, ana magari sita ya kumzungusha nchi nzima akihakikisha kwamba hakuna kilichotokea.

Majina ya watu wote wa Tumetimia yanakaa ndani ya mitambo miwili ya kompyuta, mmoja Kanda ya Mashariki, mwingine Kanda ya Magharibi. Asiyekuwamo kwenye mtambo hayupo. Anaweza kuwa amesimama mbele yako anatokwa jasho, lakini hayupo. Na kwa kuwa kompyuta hazijaisoma sheria namba tano, wizara iliandika kitabu cha kurasa mia nne, Mpango wa Kurejea Mahali Ambapo Hatukutoka. Kurasa mia tatu tisini na tisa zilikuwa za shukrani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na maana, na inasemekana aliyeuandika alihamishwa.

Ukurasa huo ulisema hivi. Kila mwisho wa mwezi, kila kanda itoe nakala ya majina yake yote kwenye diski, diski ziwekwe kwenye sanduku la bati, sanduku lipigwe lakiri, yaani muhuri wa nta, likakae kwa kanda ya pili. Sanduku jipya likifika, la zamani linarudi kwa mwenyewe. Moto ukiila ofisi moja, majina yako salama kwa mwenzake.

Kwa mwenzake. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, kwa sababu msimamizi wa Mashariki alikuwa Bi. Siwatu, na wa Magharibi alikuwa Bi. Tausi.

*

Walisoma ukarani pamoja. Kitanda kimoja, Siwatu juu na Tausi chini, na sabuni moja ya kufulia wakiikata kwa uzi ili pasiwe na wa kupunjwa. Darasani Siwatu aliongoza kwa kuchapa haraka. Tausi alijulikana kwa kuuliza maswali, na walimu hawakumpenda.

Mwaka wao wa saba kazini, radi ikaipiga ofisi ya Magharibi. Redio ilisema ofisi imepigwa picha na mbingu. Mtambo ukawa mkaa. Bi. Tausi akapanda pikipiki hadi Mashariki, akapewa sanduku lake, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili watu wa Magharibi walikuwa dirishani wanachukua vyeti vya kuzaliwa kama vile hakuna kitu. Wala hakubahatisha. Kila mwezi, kabla ya kupiga lakiri, alikuwa akiijaribu nakala yake kwenye kompyuta ya akiba, saa mkononi, aone majina yanarudi yote na kwa muda gani. Wenzake walimcheka kwamba anafanya mazoezi ya msiba.

Mlezi Mkuu akampa cheti chenye fremu ya dhahabu, kimeandikwa: Kwa Kushughulikia Vyema Jambo Ambalo Halikutokea. Akapewa na doti mbili za kitenge.

Bi. Siwatu aliiona picha gazetini asubuhi, kipande cha chapati kiko mdomoni. Hakikwenda mbele wala hakikurudi nyuma.

"Mwanamvua," akamwita binti yake. "Sanduku lilitoka kabatini kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Nani alilipangusa vumbi?"

"Wewe."

"Nani alilifunga kwa kamba kwenye pikipiki, mikono hii, kucha ikavunjika?"

"Wewe, mama. Na kucha nimeiona."

"Sasa mbona hapa naona meno ya Tausi peke yake?"

Mwanamvua alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee, na subira yake haikujulikana alikoirithi. "Labda cheti chako kiko njiani," akasema.

"Kinatembea na magongo?"

Tangu siku ile Bi. Siwatu hakuwa na raha. Akipita Magharibi kwa shughuli yoyote, lazima achungulie ukutani aone kama kioo cha fremu kimepata ufa. Akisikia kicheko barabarani, anadhani ni watu wanaotoka kumpongeza Tausi. Kile kitenge alikijua ua kwa ua. Alimwona mwanamke mmoja kituo cha mafuta amekivaa cha rangi hiyohiyo, akamkasirikia mwanamke wa watu mpaka jioni.

Mwisho wa mwezi ukafika, akakaa na sanduku lake tupu mezani. Akawaza: ipo siku radi itanipiga mimi. Nitaishiwa ujanja, nimesimama mlangoni na viatu mkononi, na Tausi atashuka kwenye pikipiki na sanduku langu kichwani, anacheka kwa upole. Ataniokoa. Kisha watampa fremu ya pili.

Neno lile, ataniokoa, lilimkaba kuliko chapati.

Basi akatoka nje, akaokota vipande viwili vya vigae vilivyobaki paa lilipoezekwa, akavifunga kwa gazeti lilelile lenye picha, akavitia sandukuni ili liwe na uzito wa heshima. Akapiga lakiri nyekundu, nzuri, ya mviringo. Tarishi wa wizara akaja, akalipeleka Magharibi, akalikabidhi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akalipokea la mwezi uliopita, lile la kweli, akalirudisha Mashariki kama sheria inavyotaka.

La kweli lilikuwa na diski kumi na mbili, kata kumi na mbili za Mashariki, kila moja imeandikwa namba yake kwa kalamu. Bi. Siwatu akaenda nazo nyumbani akazitundika kwa uzi juu ya mchicha wake. Zikawa zinazunguka na kumeremeta, ndege wakahama. Majirani walimsifia, na kwa muda wa kama siku tatu alijisikia nafuu.

Akaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, vigae na gazeti. Wakaguzi wa wizara walikuja mara nne, wakapima unene wa lakiri kwa rula, wakaandika: Mashariki, lakiri safi sana. Kufungua sanduku hakukuwa kwenye fomu yao.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Tausi hakurudisha tena masanduku. Aliyaweka yote. "Ona roho yake," Bi. Siwatu akamwambia Mwanamvua. "Fremu ya dhahabu anayo, na bati langu analitaka."

Badala ya masanduku zilikuja barua, moja kila mwezi. Akiuona mwandiko ule wa herufi zilizolala, moyo unamwenda mbio. Ameanza kujisifu, anasema. Hakufungua hata moja. Feni yake ya mezani ilikuwa na mguu mfupi, akazisukumia hapo chini, na zilipofika kumi na moja feni ikasimama sawasawa.

*

Ndipo mitambo mipya ikaja, ya kisasa, kila kanda wake, na fundi mmoja wa kuhudumia nchi nzima. Huyo aliitwa Makame, mtu mpole, shati lake lina mifuko minne na kila mfuko una bisibisi. Alifika Mashariki akitokea Magharibi, na hilo pekee lilitosha kumchafua mbele ya Bi. Siwatu.

"Mwenzangu anaendeleaje?" akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Anakwenda taratibu, Mkuu. Ameanza na kata moja, ile ndogo. Wiki nzima mtambo wa zamani na mpya vinafanya kazi pamoja, jioni tunalinganisha. Kukiwa na kasoro tunarudi nyuma, hakuna anayejua. Ikitulia ndiyo tunahamisha kata ya pili."

"Na atamaliza lini?"

"Kama miezi mitatu."

Bi. Siwatu akajipepea kwa faili. Miezi mitatu ilikuwa mingi. Siku ya Mlezi ilikuwa baada ya siku tisa.

"Sisi tutahamisha kata zote kumi na mbili siku moja," akasema. "Asubuhi. Mbele ya Waziri."

Makame akagusa bisibisi mbili kwa mpigo. "Mkuu, naomba tujaribu kata moja tu. Hata nusu kata."

"Tausi amejaribu kata moja. Nami nijaribu kata moja, watu waseme namwiga?"

"Watu hawatajua."

"Mimi nitajua."

"Basi mtambo wa zamani tuuache unawaka pembeni, tuwe na pa kurudia."

"Wa zamani nina kazi nao. Spika za bendi zinahitaji kompyuta ya kupigia nyimbo za Mlezi, na ziko nyimbo mia mbili. Futa kilichomo, weka nyimbo."

Makame akagusa bisibisi ya tatu. "Na nakala zetu zipo salama Magharibi?"

"Lakiri safi sana," Bi. Siwatu akajibu. "Waulize wakaguzi."

Tumetimia mtu haulizi mara mbili. Makame akaandika kwenye karatasi kwamba ameshauri, akaikunja, akaitia mfukoni nyuma ya bisibisi, akafanya alivyoambiwa.

Nyumbani, siku hiyohiyo, Mwanamvua alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Barua ya chuo cha uuguzi ilikuwa imefika baada ya kungoja miaka miwili. Nafasi ameipata, kitanda kimetengwa, alete cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa ya baada ya sherehe, saa kumi kamili.

"Nikupitishie cheti kesho?" Bi. Siwatu akasema. Kisha akafikiri. "Hapana. Ngoja siku ya pili ya mtambo mpya. Uwe wa kwanza. Waandishi wakupige picha, mtoto wa msimamizi, cheti cha kwanza cha kisasa. Tausi aione."

"Mama, mimi nataka cheti tu."

"Utakipata, na picha juu."

*

Siku ya Mlezi uwanja ulijaa. Mheshimiwa Daktari Lukindo alikuja na magari yote sita, akapanda jukwaani, akasema kwamba wapo wanaotambaa kata kwa kata kama mtoto anayeogopa sakafu, lakini Mashariki haitambai, haitembei, haitazami chini wala nyuma. "Mashariki inaruka," akasema, akakaa, akasimama tena kwa sababu alikuwa amesahau kumshukuru Mlezi Mkuu.

Bi. Siwatu alikuwa amevaa kitenge kikubwa kuliko cha Tausi. Akabonyeza. Majina, yaliyokwisha kutolewa mtambo wa zamani yakawekwa kwenye kumbukumbu ya muda ya mtambo mpya, yakaanza kuhamia mahali pa kudumu, mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo kikubwa. Bendi ikashika wimbo wa sitini na mbili, spika kumi na sita, zote zimechomekwa kwenye waya mmoja na mtambo mpya kwa sababu waya mwingine ulikuwa wa taa za picha ya Mlezi. Ubeti wa tatu ulipopanda, umeme ukapepesa. Mara moja tu, kama mtu aliyefumba macho akayafumbua. Kioo kikawa cheusi, kisha kikawaka, kikaandika:

Jumla ya wananchi: 0.

Mheshimiwa akasogea, akasoma, akageuka akiwa na uso wa ushindi. "Sifuri," akasema kwenye kipaza sauti. "Kanda haina hata tatizo moja." Watu wakapiga makofi, kwani mikono walikuwa nayo.

Makame alikuja nyuma ya Bi. Siwatu, akamnong'oneza, "Mkuu, turudi kwenye wa zamani."

Wote wawili wakautazama. Ulikuwa unaimba wimbo wa sitini na tatu.

*

Jumanne Mwanamvua alikuwa dirishani na mwandishi mmoja na kamera. Karani akachapa jina, akachapa tena, akaondoa herufi moja akairudisha.

"Dada, hupo," akasema.

"Mimi huyu?"

"Wewe huyo. Na mimi pia sipo, nimejitafuta tangu asubuhi. Lakini mimi nina zamu, wewe una haraka gani?"

Bi. Siwatu alisikia yote kupitia ukuta wa mbao. Hakuhitaji kuambiwa kilichobaki. Palikuwa na mahali pamoja pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa na fremu ya dhahabu ukutani. Alikaa mpaka Jumatano akitafuta njia nyingine. Alhamisi, Mwanamvua akamwekea viatu mlangoni.

Wakaenda wote watatu, yeye na binti na fundi Makame. Njia nzima Bi. Siwatu aliomba muujiza mmoja mdogo, kwamba Tausi awe hajayafungua yale masanduku, ili wavione vigae kwa mara ya kwanza pamoja na aweze kupiga kelele kwamba ameibiwa.

Bi. Tausi aliwapokea kwa kanga ya kazini, mikono ina wino. Masanduku kumi na moja yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, yote wazi, na ndani ya kila moja vigae viwili vimelazwa vizuri kama mayai.

"Karibu, shoga," akasema. "Nilijua utakuja. Sikujua kama utakuja umechelewa hivi."

"Ulifungua lakiri ya serikali?"

"Nakala nisiyoijaribu nitajuaje kama ni nakala? Nilifungua la kwanza siku ileile, lakini tarishi alikuwa ameshaondoka na lile zima. Ningeliona mapema nisingelitoa. Haya mengine nikayazuia, nikakuandikia. Nikawaandikia na wizara. Wizara wakanijibu kwamba janga halipo, kwa hiyo sanduku tupu halimdhuru mtu. Wewe hukunijibu kabisa."

Bi. Siwatu akatazama sakafu.

"Hukuzisoma," Bi. Tausi akasema polepole. "Hata ya kwanza?"

"Ilisema nini ya kwanza?" Mwanamvua akauliza.

"Kwamba niliwaambia wizara sanduku limetoka kwa mama yako, na bila yeye nisingekuwa na cha kurudisha. Wakakubali. Cheti chake kiliandikwa, fremu kama hii. Alitakiwa akifuate ndani ya siku thelathini." Akajifuta wino kwa pindo la kanga, akamgeukia Bi. Siwatu. "Nilikaa siku zote thelathini nikidhani utapita tupige picha pamoja."

Makame alikohoa. Kwa mara ya kwanza Bi. Siwatu aliikumbuka feni yake, jinsi ilivyokuwa imesimama sawa.

"Zile diski za kweli ziko wapi?" Mwanamvua akamgeukia. "Zile zilizorudi. Mama."

Binti alishajua. Alikuwa akimwagilia ule mchicha mwaka mzima.

*

Mwanamvua aliikuta diski ya Kata ya Tisa, kata yao, katikati ya bustani, namba yake imefifia. Akaukata uzi, akaipangusa diski kwa upindo wa gauni, akaishika kwa kingo kama walivyofundishwa shuleni kushika kioo. Zote kumi na mbili akaziweka kwenye ungo, wakarudi Magharibi. Bi. Tausi akaziingiza moja moja kwenye kompyuta ya akiba, Makame akibonyeza. Jua la miezi kumi na moja na mvua za misimu miwili zilikuwa zimekwisha kuzila. Kompyuta ilikoroma, ikatema. Ilikoroma, ikatema. Ya Tisa ilichukua muda mrefu kuliko zote, mpaka Bi. Siwatu akainuka kitini. Kisha nayo ikatemwa.

Jina la Mwanamvua lilikuwa limeshinda mwaka mzima juani likifukuza ndege.

Ijumaa saa kumi ikapita. Ilipita kama saa kumi nyingine yoyote.

*

Wizara haikuweza kusema kwamba majina yamepotea, maana kupotea ni janga. Mheshimiwa Daktari Lukindo akatangaza habari njema: Kanda ya Mashariki imezaliwa. Watu elfu themanini na nne, kwa siku moja, bila mama hata mmoja kuumwa uchungu, jambo ambalo nchi jirani hazijawahi kulifikia. Kila mtoto mchanga apelekwe kliniki na mtu mzima aliyeandikishwa, apimwe uzito, apewe matone ya polio, aandikwe upya.

Watu wazima walioandikishwa walikuwa Magharibi tu. Ikawa safari. Mzee mwenye ndevu mpaka kifuani alipanga foleni na kadi ya kliniki, akatoa ulimi kwa adabu. Mkuu wa polisi wa Mashariki alining'inizwa kwenye mizani ya kaptula, miguu imetokeza kwenye matundu, akalia kidogo kama ilivyotarajiwa. Chuo cha uuguzi kilimwandikia Mwanamvua barua ya upole kikimtakia makuzi mema, na kikamkaribisha aombe tena baada ya miaka kumi na minane.

Bi. Siwatu hakuwa na ndugu Magharibi. Bi. Tausi ndiye aliyekuja kuwachukua, na pikipiki, safari mbili.

Karani wa kliniki alikuwa mtumishi mdogo wa serikali, macho hayanyanyuki kwenye fomu. "Aliyemleta mtoto ndiye mama," akasoma. "Jina la mama?"

"Tausi binti Shomari."

"Ngoja," Bi. Siwatu akasema kutoka kwenye mizani, kaptula imembana. "Mimi sawa, niandike kwake. Lakini huyu Mwanamvua ni wangu. Nimemzaa mimi."

"Wewe una siku nne," karani akasema. "Hata meno hujaota."

"Tausi, mwambie."

Bi. Tausi alikuwa ameikamata kalamu. "Nimeshamwambia, shoga. Nimemwambia mara tatu. Fomu haina mahali hapo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuwa nakuonea kijicho. Miaka yote. Fremu haimwiti mtu mama."

Karani akampungia Mwanamvua mkono asogee. Mtoto anayeweza kusema lazima athibitishe kwa kinywa chake, ili mtambo urekodi.

"Mama yako nani?"

Mwanamvua akamtazama Bi. Siwatu, aliyekuwa anabembea taratibu, mikono yote miwili imeshika kamba.

"Bi. Tausi," akasema.

"Kwa sauti, mtambo usikie. Na hapa huwa wanasema mama."

"Mama Tausi."

Bi. Siwatu alilijua donge. Alikaa nalo mwaka mzima kwa ajili ya kioo na ubao na doti mbili za kitenge. Sasa akaona kwamba lile lilikuwa mazoezi tu. Hili lilipanda lote, likakaa, na chini yake mizani ikaandika kilo sitini na moja.

Bi. Tausi akatia sahihi. Kabla hajamteremsha shoga yake, akaichukua nakala ya ile fomu, akaikunja, akamwekea Bi. Siwatu mkononi, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Hii ni ya Magharibi," akasema. "Nitunzie."

Hadithi hii nimeiandika mara mbili, wanangu. Moja ninayo. Ya pili mpelekeeni yule jirani ambaye roho inawauma mkimwona, aiweke kwake. Na akiwaandikia barua, someni.